Damu ya Kabura kwa Bega la Kabura

Kabura huchuma maparachichi katika mashamba ya Karatina. Fimbo yake ni ndefu, na ncha yake ina mfuko wa wavu. Kutwa nzima mikono yake iko juu ya kichwa.

Mwaka jana bega lake la kulia lilianza kuuma. Mwanzoni liliuma akiinua fimbo. Baadaye liliuma hata akichana nywele.

Moffat, kiongozi wa wachumaji, alimwambia, "Nenda utibiwe, mama. Lakini msimu ujao ukifika bado hivi, nitachukua mtu mwingine."

Kabura aliogopa. Hana kazi nyingine.

Mumewe, Ngatia, alileta mafuta ya kukamulia ng'ombe. Kila jioni alimkanda bega kwa nguvu.

"Pole pole! Mimi si ng'ombe!"

"Ng'ombe hapigi kelele hivi," Ngatia alijibu.

Bega lilizidi kuuma. Jirani yao, Raudha, alisikia kilio, akaingia. Yeye hufundisha wagonjwa mazoezi ya viungo katika hospitali moja ya Nyeri.

"Ngatia, wacha kukanda! Kwanza tujue ni nini kimeumia huko ndani."

Hospitalini, bega lilipigwa picha. Kano, ule uzi mnene unaounganisha msuli na mfupa, ilikuwa imechanika kidogo. Kabura alifanya mazoezi kwa miezi kadhaa. Nafuu ilikuwa ndogo. Ndipo daktari akashauri watumie damu yake mwenyewe.

"Ati damu?" Kabura alimuuliza Raudha. "Wanaipeleka wapi?"

"Haiendi mahali. Ukijikata jikoni, kuna chembe ndogo kwa damu zinazoziba kidonda na kusaidia kipone. Mashine itazungusha damu yako kwa kasi. Zile chembe zitakusanyika kwa maji ya manjano. Daktari atakudunga hayo maji hapo kwa kano."

"Na nitapona?"

"Sitakudanganya. Wengine hupata nafuu, wengine hapana. Kano ikikatika kabisa, sindano hii haitoshi. Na mazoezi lazima yaendelee."

Kabura alikubali. Alipoona maji ya manjano ndani ya sindano, alishangaa.

"Daktari, hii ni damu yangu kweli, ama ni supu ya kuku?"

Daktari alicheka mpaka ikabidi asubiri mkono wake utulie kabla ya kumdunga.

Siku iliyofuata bega liliuma kuliko awali. Ngatia alikimbia dukani kununua vidonge vya kupunguza uvimbe. Raudha alimkuta mlangoni.

"Usimpe! Vidonge vya aina hiyo vinaweza kuharibu kazi ya sindano. Maumivu ya siku za kwanza ni kawaida. Atumie dawa aliyopewa na daktari tu. Akipata homa, au bega likiwa jekundu na moto, mrudishe hospitali mara moja."

Homa haikuja. Maumivu yalipungua taratibu. Kabura alirudia mazoezi, kwanza mepesi, kisha magumu.

Msimu ulifika. Wachumaji walikusanyika shambani.

"Inua mkono tuone," Moffat alisema.

"Kwanza tusikizane. Asubuhi nitachuma. Mchana nitapanga matunda kwa kreti, mwingine ashike fimbo. Bega hili silichoshi tena."

"Sawa. Inua basi."

Kabura aliinua mkono pole pole, akisubiri maumivu. Ulipita sikio. Ulipita kitambaa cha kichwa. Ukanyooka juu kabisa. Maumivu hayakuja.

"Haya, shusha, mama," Moffat alisema akicheka. "Tumeona."

Kabura hakuushusha.