Kifuniko cha Bakuli la Kiichi

Jumamosi hiyo mji wa Yukura ulifurika. Waliobeba mbao za kutelezea thelujini walipigana vikumbo na waliotoka kuoga, na mvuke wa chemchemi ukawameza wote hadi kiunoni. Shiori, muuza vipodozi wa Tokyo, alikuwa ameinama kando ya bwawa linalochemka, koti jeupe la manyoya mwilini na kofia nyekundu kichwani, akiteremsha wavu wa mayai.

"Dada, mayai yako yameingia kuoga bila ruhusa."

Aligeuka. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye koti la njano la waokoaji wa mlimani, mashavu yamebabuka kwa baridi.

"Kwani hapa haparuhusiwi?"

"Hili ni jiko letu wenyeji. Wageni wanapika kule chini, penye foleni."

"Na foleni ikiwa ndefu kuliko likizo yangu?"

"Basi mgeni anatafuta mwenyeji wa kumpikia." Akauchukua wavu mkononi mwake. "Yaive sana, au yabaki na ute?"

"Ute. Na ukiyaharibu nitakushtaki kwa mama yako."

Kijana aligeuza uso ghafla kuelekea mlimani kana kwamba kuna mtu amemwita huko. Kisha akacheka na kujitambulisha: Ryohei Fukazawa. Shiori aliliona hilo, ila macho ya kijana yalikuwa mazuri mno kwa mtu kuanza kuulizauliza.

Msimu ule wote ukawa wa simu. Ijumaa Shiori alipanda treni, Jumapili akarudi na midomo iliyopasuka kwa baridi. Ryohei alimfundisha kuteleza, naye alianguka kuliko alivyosimama.

"Kipenzi, umefika salama?"

"Nimefika. Magoti yangu yamebaki kwenu."

"Nitayatunza. Yafuate Ijumaa."

Lakini kila jioni, jua likikaribia kuzama, Ryohei aliaga. Hata wangekuwa wameshikana mikono na miguu yao ndani ya maji ya moto, alikurupuka. "Lazima nifike nyumbani kabla ya chakula," alisema, na hakuongeza neno. Shiori aliumia. Mwanamume mzima anakimbilia chakula cha mama yake? Alipombana sana, Ryohei alimwambia kwamba majira sita ya baridi yaliyopita, kaka yake Kiichi aliteleza kuvuka ukingo wa mlima, na mpaka leo hajapatikana.

Mwezi wa pili Ryohei alikata shauri kumpeleka nyumbani. Theluji ilichelewesha treni, naye akamsubiri stesheni mchana kutwa. Walipofika, taa zilikuwa zimeshawashwa. Mama yake, Bi Tomie, mjane mwembamba aliyevaa joho zito la pamba la rangi ya majivu, aliwakaribisha kwenye meza ya joto iliyofunikwa blanketi.

Nyumba ilikuwa kimya, theluji imeziba madirisha hadi juu. Bi Tomie alitelezesha mlango wa chumba cha nyuma, akaleta sinia, akaiweka mbele ya mto wa kukalia usio na mtu. Juu yake palikuwa na vijiti vya kulia na bakuli jeusi lenye kifuniko.

"Kiichi, tuna mgeni," alisema kwa upole, akiutazama ule mto. "Sogea kidogo."

Shiori alihisi nywele za shingo zikimsimama. Kwao Tokyo, chakula cha asiyekuwepo ni chakula cha marehemu, hakuna kingine alichowahi kuona. Akataka kuonyesha adabu. Akapiga magoti, akakutanisha viganja, akainamisha kichwa.

"Kaka Kiichi, pumzika kwa amani."

Ryohei alimshika bega, lakini neno lilikwisha kutoka. Bi Tomie alifunua bakuli, akapitisha kidole ndani ya kifuniko.

"Kimekauka," alisema. "Hii ni sinia ya msafiri, binti. Naiandaa asubuhi ili asilale njaa huko aliko. Jioni kifuniko kikiwa na matone, yu hai. Hakijawahi kukauka. Umemwombea mwanangu kama maiti, na leo kimekauka."

Shiori aliomba radhi hadi paji la uso likagusa mkeka. La kuvunda halina ubani. Aliondoka kwa treni ya mwisho, na Ryohei, aliyembebea begi, hakufumbua mdomo hata mara moja. Kimya hicho ndicho kilichomuua Shiori. Simu zilipoanza kuita, hakuzipokea. Hata hivyo, jioni zote akiwa peke yake Tokyo, kabla hajala, tumbo lilimjaa shibe isiyo yake, na mdomoni akasikia ladha ya wali baridi, kana kwamba sasa msafiri wa sinia ile ni yeye.

Hatimaye alipokea.

"Shiori, usikate. Kifuniko huwa nakilowesha mimi."

"Unasema nini?"

"Kuanzia asubuhi hadi jioni kinakauka, lazima kikauke. Kila siku nawahi, nachovya kidole majini, naweka matone. Siku ile nilikuwa stesheni nakusubiri wewe."

"Na ukaniacha nibebe lawama?"

"Nikisema ukweli, namuua kaka mbele ya mama."

"Na usiposema, Ryohei, unaniua mimi. Chagua. Siwezi kuolewa na mtu anayewahi nyumbani kudanganya."

"Njoo Jumamosi," Ryohei alisema. "Nitasema ukiwepo."

Jumamosi hiyo theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na paa zote za Yukura zilidondosha maji. Bi Tomie alimfungulia mlango bila salamu. Shiori alienda kunawa mikono mwisho wa ukumbi, akapita chumba cha nyuma mlango wake ukiwa umefungwa, akarudi kuketi mezani. Yeye na Bi Tomie wakamenya machungwa.

Ryohei aliingia na koti lake la njano, moja kwa moja mezani. Akapiga magoti, akasema yote.

Bi Tomie alimaliza kwanza kumenya chungwa lake.

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Mvuke haupangi matone kwa mstari, mwanangu. Ila wewe ulikuwa unapanda kule ukingoni kumtafuta, usiku na mchana, na nilikuwa nakupoteza na wewe. Sinia ikakufanya urudi nyumbani kila jioni. Siku kilipokauka nilijua umepata mwingine wa kurudia. Nilimchukia huyu binti kwa hilo, si kwa dua yake."

Ryohei alilia bila kujificha. Mama yake akamshika kichwa.

"Naileta sinia. Tuifunue kwa mara ya mwisho, tuwaite majirani, tumlilie kaka yako kama watu."

Akaenda kuitoa chumba cha nyuma, akaiweka mezani. Akainua kifuniko. Kilikuwa kimejaa matone manene, yakatiririka hadi kiwiko chake, na mvuke mwembamba ukapanda kutoka kwenye wali wa tangu asubuhi.

"Umerudia, Ryohei?"

"Sijaingia huko leo, mama. Si wewe?"

Rangi ilimtoka mama. Macho ya Ryohei tayari yalikuwa yamegeukia mlimani. Shiori aliyaona. Alijua kwamba wakibaki na swali hilo, kesho sinia itaandaliwa tena, na huyu mwanamume hatakuwa wake kamwe.

"Ni mimi, mama," alisema. "Nilipokwenda kunawa. Nilidhani mtahuzunika mkikuta kikavu. Nisameheni."

Bi Tomie akaanza kucheka huku machozi yakimtoka, akamvuta kifuani. "Hata wewe! Basi umeshakuwa wa nyumba hii."

Ryohei aliomba mkono wake hapohapo, na Shiori akakubali. Walifunga ndoa majira ya machipuko, wakazaa, wakazeeka pamoja. Lakini Shiori hakuwahi kumwambia mtu, hata Ryohei, kwamba siku ile hakuufungua mlango wa chumba cha nyuma.