Chafya Mbele ya Karata

Siku moja baada ya mtoto kupata jina, karata ziliacha kushikana. Tangu Chepkosgei azipate, zilikuwa zikigandana mbili mbili kwa unyevu wa Kericho, mpaka azibandue kwa ukucha. Sasa ziliachana zenyewe kiganjani, laini, kama zimepakwa mafuta. Aliziweka chini haraka, na vidole vyake vikabaki na masizi.

Alikuwa ameziokota kwenye takataka za mke wa meneja wa shamba la chai, mzungu aliyehama mwaka wa 1994. Hazikuwa karata za kuchezea bali za kupigia ramli. Zilikuwa sabini na nane, pana kuliko kiganja, kingo nyeusi, na picha zake zingemfanya mchungaji asahau mahubiri: makanisa yaliyobomoka, kunguru, mafuvu, na mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheusi usoni, ameketi juu ya kaburi, mikono wazi kama anayengoja kupewa kitu. Kuzichanganya ilikuwa taabu. Chepkosgei alizigawa mafungu matatu na kuyapandanisha, kama alivyomwona madam huyo akifanya, zamani alipokuwa akimfulia nguo, kila alipotaka kujua nani anakuja.

Mwenye akili zake angezitia motoni. Lakini Chepkosgei alikuwa amezika watoto wawili, na mfa maji haachi kutapatapa.

Wale wawili walikufa bila jina. Kwa Wakipsigis, mtoto huitiwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja, huku ugoro kidogo ukipitishwa puani, mpaka apige chafya. Chafya ni marehemu kuitika, kwamba amerudi na atamlinda. Huo ndio kurenet. Wale wawili hawakupiga chafya. Huyu wa tatu, msichana wa siku nne, alikuwa ameitiwa marehemu wote na Kogo Taprandich, mama yake Weldon, mume wa Chepkosgei, mpaka sauti ya bibi huyo ikakauka. Mtoto alitazama tu.

Kogo alipotoka kutafuta kuni, Chepkosgei alizitoa karata. Akafunua moja moja mbele ya uso wa mtoto, akinong'ona, "Ni wewe? Ni wewe?" Kwa yule mwanamke wa kaburini, mtoto alipiga chafya.

"Uliita nani?" Kogo aliuliza mlangoni, kuni bado kichwani.

"Nyanya yangu," Chepkosgei alidanganya. Alikuwa na furaha mno hata hakuona haya.

Kesho yake, saa tisa alasiri, mvua ilipogonga mabati ya nyumba za wafanyakazi, kitu kilianza kuchanganya karata chini ya kitanda. Mafungu matatu, taratibu. Harufu ya majani ya chai kutoka kiwandani ikazimwa na harufu ya mshumaa na maua yaliyooza. Mtoto akaliachia titi, akageukia pembeni pasipo na mtu, akaanza kunyonya hewa. Alimeza. Mdomoni mwake yalibaki maziwa ya kijivu.

Ikawa hivyo kila siku. Titi la mama hakulitaka tena. Matiti ya Chepkosgei yalivimba yakauma, maziwa yakalowesha nguo, na mtoto akazidi kukonda hadi mbavu zikahesabika. Mchungaji aliomba siku mbili, akarudi kwake na homa. Weldon alizitupa karata kwenye tanuri la kiwanda alikofanya kazi. Aliporudi jioni alizikuta chini ya kitanda, kavu, zimepangwa.

Hapo Chepkosgei alikiri kila kitu, akilia.

"Umemuitia mtoto mtu hatujui," Kogo alisema polepole. "Hata hatujui kwao ni wapi."

"Si jina inaweza kubadilishwa, Mama?" Weldon aliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kitanda kinasikia. "Mtoto akisumbua, si watu huita tena?"

"Niite nani? Wafu wetu wote nimeita. Wamekataa."

Chepkosgei alipangusa macho. "Niite mimi."

"Wewe uko hai! Kwa kurenet tunaita wafu peke yake. Nikikuita pale, umeenda."

"Kogo, tafadhali. Huyu siwezi kuzika. Siwezi."

Weldon alikataa, akapiga ukuta kwa ngumi, akamshika mkewe mkono, lakini mvua ya saa tisa ilikuwa imeshafika, na chini ya kitanda karata zilikuwa zikichanganywa kwa kasi, na mtoto alikuwa ameshageuza kichwa pembeni na kufungua kinywa, na Kogo alimpitishia kidole chenye ugoro puani na kuita kwa sauti iliyovunjika, "Chepkosgei! Chepkosgei, ni wewe?"

Mtoto alipiga chafya.

Karata zikanyamaza. Mtoto alilia, kilio cha njaa, kilio kizuri cha kawaida, akitafuta titi.

"Mchukue!" Weldon alimwambia mkewe, akicheka huku machozi yakimtoka. "Mpe maziwa, mama!"

Mkono aliodhani ameushika ulikuwa kitambaa tu, kile cha kijani alichokuwa amejitanda mkewe. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani ila Kogo na mtoto.

Karata ya juu ilikuwa imefunuliwa. Mwanamke bado alikuwa ameketi kaburini, uso umefunikwa, mikono wazi. Kifuani mwake nguo ilikuwa na madoa mawili ya maji. Weldon aliyagusa, akaonja kidole. Yalikuwa maziwa, na yalikuwa na joto.

Alikimbilia kiberiti. Kogo akamshika.

"Ukichoma, utachoma nani?"

Karata ziko kabatini mpaka leo. Msichana alinenepa kwa maziwa ya ng'ombe wa Kogo, na anaitwa Chepkosgei. Lakini utotoni, saa tisa, mvua ikianza, alikuwa akigeukia pembeni na kunyonya hewa, akitabasamu, na Weldon alikuwa akipiga magoti kumchungulia mdomoni, aone maziwa ya leo ni meupe au ni ya kijivu.