Ndevu Zilizoachwa Nusu

"Elfu arobaini, mama, na senti haishuki."

"Thelathini. Wembe wenyewe mzee kuliko wewe."

"Ndiyo maana ni arobaini! Ungekuwa kijana ungejinoa wenyewe."

Tulibishana mpaka chai yangu ikapoa. Ufundi wa kunoa na kukarabati sikufundishwa na mtu, niliuiba kwa macho, na bei yangu ni moja kwa tajiri na fukara. Mwisho mama akakubali, akafungua kitambaa. Ulikuwa wembe wa kinyozi, ule wa kukunja, umeliwa na kutu, mpini umepasuka. Wa marehemu mumewe. Alikata roho kazini akiwa nao mkononi, na mteja aliyekuwa amenyolewa shavu moja akatimua mbio na povu usoni.

"Ukishaunoa, jaribu kwa karatasi," mama akasema. "Usianze ndevu za mtu."

Nikakasirika. Anifundishe kazi?

Siku mbili nilisugua kutu kwa msasa na mafuta. Mpini nikauchonga kwa mti wa mchungwa, vibao viwili vyembamba, nikavifunga kwa vijiti vya shaba na kuvipaka nta. Nikanoa kwenye jiwe, nikamalizia kwenye mkanda wa ngozi. Ukakata karatasi bila sauti. Lakini karatasi haina ndevu! Mdogo wangu anazo. Tunamwita Pamba kwa sababu anashona makochi humohumo kwenye chumba changu cha kazi, na ndevu zake zilitosha kujaza mto.

"Lete shavu."

"Ukiniharibu sura, kaka, mke wangu utamtafutia mume wewe."

Nikapitisha mara moja tu. Mteja wake akapiga hodi, Pamba akatoka na mstari wake shavuni, nami nikaufungia wembe kwenye droo.

Kesho yake mchana alisinzia kwenye kochi alilokuwa akilishona. Alipoamka, shavu lote la kushoto halikuwa na unywele.

"Kaka, utani gani huu?"

"Nimekugusa saa ngapi? Si unaona nachonga?"

Tukatukanana vizuri tu, kama ndugu. Kisha nikafungua droo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu tangu jana.

Wembe ulikuwa umelowa. Una povu.

Siku ya tatu Pamba aliapa hatafumba jicho. Akakaa amenielekea, nyundo mkononi. Niliinama kuokota msumari. Kuinama tu. Nilipoinuka, nyundo ilikuwa sakafuni. Kichwa chake kimevutwa nyuma. Macho wazi, hayapepesi. Ndevu zilikuwa zinaanguka. Zenyewe. Shavu la kulia. Kidevu. Zikaanza kushuka kooni.

Tone la damu likatokea.

"Acha!" nikapiga kelele, sijui nikimwambia nani. "Nilianza mimi. Nitamaliza mimi."

Zikaacha kuanguka.

Nikautoa wembe drooni. Nikaushika kwa mkono wa kulia, kwa wa kushoto nikamvuta ngozi ya shingo. Hapo kitu kikavu, cha baridi, kikanishika kifundo cha mkono. Kikalaza wembe kidogo. Hivi. Si hivyo, hivi. Nikanyoa.

"Kaka," Pamba akanong'ona, midomo haitikisiki. "Nani amenishika kichwa?"

"Mimi."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya mtu kazini. Siku ile nilidanganya.

Unywele wa mwisho ulipotoka, mkono wangu ukawa mwepesi. Pamba akaanguka mbele, akikohoa na kulia. Hatukufunga hata mlango. Tulikwenda moja kwa moja kwa yule mama, Pamba nyuma yangu, kidevu kinang'aa.

Mama alihesabu elfu arobaini, akanipa, akapokea wembe. Akaukunjua, akapapasa mpini. Kidole chake kikasimama palepale. Nikachungulia. Kwenye mti wa mchungwa nilioupiga msasa kwa mikono yangu wiki hiyohiyo palikuwa na shimo la dole gumba, limelika, laini, kama la miaka thelathini ya kushikwa. Nikaweka dole langu. Halikuenea. La mama pia halikuenea.

Akauinua uso polepole. Hakunitazama mimi. Alimtazama Pamba, shavu hili, shavu lile, kisha koo. Akanyoosha mkono.

"Huyo kanyolewa," akasema. "Elfu mbili."