Kengele Iliyotangulia Saa

Kila asubuhi Milembe aliwahi shuleni kuliko wenzake wote wa darasa la sita, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiranja wa kengele. Aliitazama saa ya ukutani iliyokuwa ofisini, na ilipotimia saa moja kamili aligonga rimu ya gari iliyoning'inia uani. Kisha alichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye daftari la mahudhurio ya walimu. Mwalimu aliyesaini chini ya mstari alihesabiwa amechelewa, na hapo hapakuwa na mjadala. Kazi hiyo ilimvimbisha kichwa kidogo.

Mwezi wa pili, Mwalimu Eliaichi aliondolewa kwenye cheo cha mwalimu mkuu msaidizi. Alikuwa mwenyeji wa Kilimanjaro, na shule nzima ilijua jinsi alivyochapa kazi. Mwalimu mkuu, Mwalimu Maige, alisema kikaoni kwamba wazazi wa Bariadi hawawezi kumsikiliza mwanamke wa kuja asiyejua hata Kisukuma. Cheo akapewa Mwalimu Dastan, aliyekuwa na miezi minne tu shuleni. Mwalimu Eliaichi hakubishana. Aliandika malalamiko, akayapeleka ofisi ya elimu ya wilaya.

Wiki iliyofuata Mwalimu Maige alimwita Milembe.

“Kuanzia kesho usiangalie saa. Gonga nikikupa ishara.”

“Sawa, mwalimu.”

Ishara ilikuja saa moja kasoro dakika kumi. Walimu wengine waliishi nyumba za shule, na walikuwa wamekwisha kusaini. Mwalimu Eliaichi peke yake alipanga mjini. Alifika kwa bodaboda saa moja kasoro dakika tano, kama kawaida yake, akakuta mstari umeshapigwa. Ikawa hivyo siku kumi na moja.

Milembe hakuwa mjinga. Siku ya pili tu alishaelewa.

“Mayu,” alimwambia mama yake, “mwalimu mkuu ananigongesha kengele mapema ili Madam Eliaichi aonekane amechelewa.”

“Hayo ni mambo ya wakubwa,” mama alijibu huku akichambua mchele. “Wewe soma.”

Milembe aliyapokea maneno hayo kwa furaha, maana yalimwachia kengele yake. Lakini kila alipopiga mstari aliona aibu.

Siku ya kumi na mbili alikuja afisa elimu, Bi Apolonia, kusikiliza malalamiko. Milembe alitumwa kupeleka daftari ofisini.

“Hakuna aliyembagua, afisa,” alisema Mwalimu Maige. “Ni mzembe tu. Hesabu mwenyewe. Nimeshaomba ahamishwe.”

“Kengele inagongwa kabla ya saa,” alisema Mwalimu Eliaichi. “Haya yalianza nilipoandika barua ya malalamiko.”

“Una shahidi?” aliuliza Bi Apolonia.

“Sina. Wenzangu hawataki kusema.”

Milembe alikuwa ameshaweka daftari mezani, yuko mlangoni akitoka. Miguu ilitaka kuendelea, akaikatalia, akageuka.

“Shikamoo, afisa. Mimi ndiye ninayegonga. Mwalimu mkuu ananipa ishara saa moja kasoro dakika kumi. Saa ninaiona.”

“Huyu mtoto amefundishwa,” alisema Mwalimu Maige.

“Basi tuwaulize wakubwa,” alijibu Bi Apolonia, akawaita walimu mmoja mmoja. Mtoto alikuwa ameshasema, na mtu mzima angenyamazaje tena? Wa kwanza kukiri alikuwa Mwalimu Dastan mwenyewe.

Baada ya mwezi mmoja barua ikaja. Mwalimu Eliaichi alirudishiwa cheo, na Mwalimu Maige akavuliwa uongozi. Siku hiyo Milembe alimfuata Mwalimu Eliaichi darasani.

“Madam, naomba unisamehe. Nilijua tangu mwanzo.”

Mwalimu Eliaichi aliweka chaki mezani.

“Nimekusamehe. Ila ujue, kuonewa na mwalimu mkuu nilikuwa naweza kuvumilia. Kilichoniumiza ni kuingia hapa kila asubuhi, watu wote wanajua, na kila mmoja anatazama pembeni. Nilishafunga mizigo yangu.”

Milembe aliinamisha kichwa.

“Mkubwa akikutuma kazi, mtii,” aliendelea mwalimu. “Akikutuma kumdhulumu mtu, kataa kwa adabu, kisha mwambie mtu mzima mwingine. Wa kwanza asipokusikia, mwambie wa pili. Na usingoje siku kumi na moja.”