Ngege wa Siku ya Wageni

Soko la Otonglo lilikuwa limefurika Jumamosi hiyo, na kwenye karai la muuza samaki alikuwa amebaki ngege mmoja wa maana. Mikono miwili ikamshika pamoja, mmoja kichwani, mmoja mkiani.

"Mama, mimi ndiye nimeanza," akasema Wechuli.

"Umeanza mkia. Samaki huanza kichwa," akajibu mwanamke, wala hakuachia.

Alikuwa amevaa gauni la manjano na raba nyeupe ambazo vumbi la barabara ya Busia lilikuwa halijaziweza. Wechuli akamtazama, akasahau alichokuwa akibishania. Muuzaji akachoka nao, akawaambia wamgawane au wamrudishe. Basi Wechuli akaazima kikaango palepale, akamkaanga mwenyewe, wakala kwenye benchi moja. Mwanamke aliitwa Nasipwondi, mtu wa Bungoma kama yeye, na miiba ilimshinda kabisa. Wechuli akawa anamchambulia, huku akimcheka kwamba mtu mzima analishwa kama mtoto.

"Nyamaza, mpishi. Chambua."

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Mpishi wangu, umekula?"

"Bado. Nilikuwa nangoja sauti yako."

"Sauti haina mchuzi, baba."

Habari za kazi hawakuziongea sana. Wechuli alisema anapikia watoto huko Nyamasaria. Nasipwondi akasema yuko ofisi ya kukaguakagua. Mapenzi yakiwa mapya, nani anauliza mambo ya ofisi?

Kwa kweli Wechuli alikuwa mpishi wa shirika la msaada lililosema linalisha yatima. Kwenye picha za ukutani watoto walishika sahani za samaki. Jikoni kulikuwa na uji asubuhi, na mchana uji. Samaki alinunuliwa siku ya wageni tu. Mwenyekiti, Bwana Robinson, alijua kupanga sahani mbele ya kamera, na mpishi akiuliza aliambiwa apike alichopewa. Wakubwa ndivyo walivyo.

Siku moja wakatangazwa wageni wasio wa kawaida, watu wa kundi huru linalopima mashirika ya misaada na kuyapa alama, ili watoaji wa ng'ambo wajue pesa yao inashibisha nani. Robinson akaagiza ngege. Wechuli akavaa aproni ya kuazima, akabeba sahani mpaka kwenye meza ya wageni. Pale, ndani ya suti ya bluu, kitambulisho shingoni, alikaa Nasipwondi.

Alishtuka kidogo, kisha uso wake ukajifunga. Wechuli akamwekea ngege, kichwa kikimwelekea yeye.

"Asante. Sisi hatuli hapa," akasema, akaisukuma sahani.

Kwao Bungoma, mgeni akikataa chakula cha mtu, amemkataa mtu mwenyewe. Wechuli akarudi jikoni na samaki wake. Jioni akapiga simu, haikushikwa. Kesho yake ukaja ujumbe: "Usinipigie kwa sasa. Tafadhali." Akajua ameachwa. Akadhani pia kwamba muda wote ule, hata akimchambulia miiba, alikuwa anachunguzwa.

Baada ya wiki kadhaa wakaja wapimaji wengine wa kundi lilelile, safari hii bila kuarifu mtu, Robinson akiwa hayupo. Mmoja wao, Elsie, akaingia jikoni akauliza jana watoto walikula nini. Wechuli angeweza kusema samaki, tena angefurahi kumkomoa Nasipwondi kwa kuwadanganya wenzake. Lakini alikuwa na hasira na wote, wakubwa wa huku na wakubwa wa kule.

"Uji," akasema. "Na juzi uji. Waulize wenyewe."

Watoto wakaulizwa, wakasema vilevile. Robinson aliporudi akasikia, na Wechuli akafutwa kabla sufuria haijapoa. Akaenda Otonglo, akatafuta kikaango, akaanza kukaanga samaki kando ya barabara.

Siku nyingi baadaye gauni la manjano likaja kusimama mbele ya moto wake.

"Kuna ngege?"

"Nyinyi hamli," akasema Wechuli bila kuinua macho.

"Hatuli kwa watu tunaowapima. Tukila, alama itanuka samaki. Sikujua unapika pale. Uliniambia watoto, nikadhani ni shule."

"Na simu?"

"Nilitoka pale nikamwambia mkubwa wangu yule mpishi ni mtu wangu. Wakanitoa kwenye kazi hiyo, wakanikataza kuongea na wewe mpaka ripoti itoke. Imetoka jana. Shirika limepata alama ya chini kabisa, watoto wanaletewa wasimamizi wengine."

"Na Robinson?"

"Nasikia amepata kiti Nairobi."

"Wale hawaanguki. Wanahama tu." Akamgeuza samaki. "Wakubwa wako hata neno moja la kunieleza walikunyima?"

"Walininyima. Na mimi sikuliiba. Kasirika, ni haki yako."

Wechuli akachochea moto.

"Ulisema mimi ni mtu wako. Kivipi?"

"Hata mkubwa wangu aliuliza hivyo. Nikamwambia, mpaka nimwulize mwenyewe."

Wechuli akaepua ngege, akaketi na Nasipwondi kwenye benchi.

"Nikienda kwa baba yako Bungoma, nitasema nafanya kazi gani?"

"Sema unakaanga samaki. Naye miiba inamshinda."

Nasipwondi akamsogezea sahani. "Chambua, mpishi."

Wechuli akamchambulia polepole, kuanzia kichwani mpaka mkiani, na wateja wengine wakangoja.