Mume Wangu Alisema Mdogo Wangu ni Mzima... Nikamzika!

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwalimu wa shule ya msingi hapa Kolwezi. Naandika haya nikiwa na hasira, na sitamwomba mtu radhi kwa hasira yangu. Mwanaume niliyempikia bukari, ugali wetu wa huku, na kumwita bwana wangu ndiye aliyemsukuma mdogo wangu kaburini!

Mume wangu, Fabrice, ni daktari. Lakini kilichompa sifa si kutibu wagonjwa. Alikuwa akikusanya tafiti za madaktari wa nchi mbalimbali, akizichanganya pamoja ili zitoe jibu moja. Wenyewe wanaita kazi hiyo meta-analizi. Yeye aliifanya kuhusu kipimo kipya cha kifua kikuu: tone la damu kidoleni, unangoja kidogo, jibu limetoka. Akatangaza kwamba kipimo hicho kinatosha peke yake, hakuna haja ya kupima makohozi. Kliniki yake ikamfuata, ikaacha kupima makohozi. Watu wakaanza kumwita profesa hata kabla hajapewa cheo... naye alikitaka cheo hicho kuliko kitu chochote, kuliko hata mimi.

Siku moja tulimkaribisha mezani Daktari Béatrice, mama mtu mzima aliyetibu wachimbaji miaka mingi. Nilikuwa nagawa mboga alipomuuliza Fabrice:

"Dokta, zile etidi, zile tafiti za bachimbaji, uliziacha wapi? Kule kipimo kiliachaka bagonjwa mingi. Vumbi ya mu mapafu inachanganya bintu."

Fabrice akacheka. "Mama, zile ni kadogo-kadogo. Nikizitia, zinaniharibia jibu."

"Lakini zile ulitia, balipima bagonjwa benye kulala mu kitanda, benye kila mutu anaona ni bagonjwa! Muchimbaji mwenye anatembea, nani atamuona?"

Fabrice akabadilisha mazungumzo. Nami nikaendelea kugawa mboga, maana ningejuaje kwamba walikuwa wanazungumzia damu yangu?

Mdogo wangu Kalenga alikuwa mchimbaji kule kwenye machimbo ya Mutoshi. Baba na mama walipofariki, tulibaki sisi wawili tu. Alikuwa na sauti! Jumapili alipoimba katika kwaya ya parokia, hata watoto waliacha kulia. Basi akaanza kukohoa. Akakonda. Usiku jasho likalowesha shuka. Akanijia akiwa ameshika kifua.

"Yaya," akaniita mimi dada yake, "hata kuimba siwezi tena."

Nilimpeleka kwa shemeji yake mwenyewe. Ningempeleka wapi pengine? Fabrice akamtoboa kidole, akatazama jibu, akasema: "Haiko na kifua kikuu. Ni vumbi tu. Arudie kazi." Akampima na mke wa Kalenga, Mado, naye akaambiwa ni mzima.

Kikohozi hakikukoma. Nikamsihi mume wangu ampime makohozi kwenye maabara. Nilimsihi hata kwa magoti! Mnajua alinijibu nini?

"We unafundisha batoto A, B, C. Leo unataka kunifundisha udaktari?"

Leo naelewa. Hakushindwa kupima. Aliogopa! Makohozi yangesema kingine, na jibu lake zuri lingepasuka mbele za watu.

Kalenga akarudi shimoni. Wenzake walimtoa huko akitapika damu, wakamleta kwangu. Sikumwambia Fabrice. Nilimkimbiza kwa Daktari Béatrice, akayapima makohozi... kifua kikuu! Kilikuwa kimeshakula mapafu. Dawa zilianza, lakini zilimkuta amekwisha. Alinifia mikononi, mchana kweupe, akijaribu kuniambia neno ambalo sikulisikia.

Na Fabrice? Alikuja matangani na suti nyeusi, akapokea pole kama mfiwa!

Baada ya kilio kwisha, alisimama katika ukumbi wa hoteli moja mjini, mbele ya madaktari na wakubwa, kueleza jinsi kipimo chake kilivyofanya kazi hapa kwetu. Nilikaa nyuma. Kwa Kifaransa kitamu alisema kwamba katika wachimbaji wote waliofuatiliwa, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeachwa na kipimo.

Hata mmoja!

Miguu yangu ilisimama yenyewe. "Na Kalenga?" nilipaza sauti.

Ukumbi wote ukageuka. Fabrice akarekebisha tai yake, akanijibu kama anamjibu mtu asiyemjua: "Ule hatukumuhesabu. Hakurudia kwa kontrole."

Hakurudi! Ndugu zangu, mtu aliye kaburini atarudije kupimwa? Alimzika kwa mikono yake, kisha akamfuta kwa ulimi wake...

Nilihama nyumba ile siku hiyo hiyo. Mama mkwe alinifuata hadi barabarani akiniita mulozi, eti nimeua jina la mwanawe. Halikufa! Cheo alikipata, yuko Kinshasa, anapigiwa makofi. Alinipigia simu akitaka nirudi, kwa sababu watu wanamuuliza mke wake yuko wapi. Jina la Kalenga hakulitaja. Nikakata.

Daktari Béatrice alimpima Mado makohozi. Naye alikuwa mgonjwa! Lakini yeye aliwahiwa. Sasa naishi naye, anameza dawa zake, mwili umeanza kurudi. Wakati mwingine namtazama akila na machozi yananitoka, maana hivi ndivyo Kalenga naye angekuwa.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukiambiwa u mzima na mwili wako unakataa, uamini mwili. Dai kipimo cha pili. Uliza: kipimo hiki kilijaribiwa kwa watu kama sisi, wanaokula vumbi hili? Na wale waliopata jibu tofauti, mmewaweka wapi? Daktari mwema atakujibu. Akikasirika, mshike mgonjwa wako mkono mwondoke, hata kama daktari huyo ni mume wako.

Msiliogope koti jeupe, hata kama ninyi wenyewe ndio mnaolifua.