Zafarani Kwenye Barua ya Usaili

Bahasha ya kaki ilikuwa ndani ya sanduku la bati, nene vile vile kama jana yake. Lakini ndani hamkuwa na cheti wala barua. Mlikuwa na kurasa nne za mtihani wa zamani wa hesabu, zimekunjwa vizuri ili mwenyewe asigundue mapema.

Inspekta Tsuma wa kituo cha Msambweni alizigeuza kwa ncha ya kalamu, asije akaharibu alama za vidole. Alizijua kurasa zile. Mwaka uliopita, 1997, yeye mwenyewe alizileta kutoka Mombasa, seti tatu, akawagawia wasichana watatu waliokuwa wakidurusu mezani kwake kila jioni kwa kuwa nyumba yake ilikuwa na stima.

"Usaili ni kesho, Baba Kadzo," alisema Fauzia, mmoja wa hao watatu, mwenye sanduku. Macho yalikuwa yamemvimba. "Saa mbili asubuhi, Kwale. Chuo cha uuguzi kimeipa tarafa yetu nafasi moja tu. Asiye na cheti halisi anarudishwa mlangoni."

"Mara ya mwisho uliviona lini?"

"Jana alasiri. Bibi alinifanyia kombe."

Konstebo Justus, aliyehamishwa kutoka bara miezi mitatu nyuma, aliinua kichwa kutoka kwenye daftari. "Kombe ndiyo nini?"

"Ni aya za Kurani, mwanangu," bibi yake Fauzia alimjibu kutoka mkekani. "Naziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, naziosha kwa marashi, mtahiniwa anakunywa. Na karatasi zake nikazinyunyizia maji yale yale. Tukaziacha juu ya sanduku zikauke, tukatoka uani kusoma dua."

"Na mlipoingia ndani?"

"Nilikuta bahasha imefungwa," alisema Fauzia. "Mimi nikadhani ni bibi, bibi akadhani ni mimi. Nikaitia sandukuni, nikapiga kufuli. Leo asubuhi ndiyo nimeifungua."

"Mlango wa mbele ulikuwa wazi?"

"Nyumba inaposomwa dua haifungwi mlango, mwanangu," alisema bibi.

"Walioitwa kwenye usaili ni kina nani?"

"Ni sisi watatu. Mimi, Jacinter na Kadzo. Lakini Kadzo hakuja jana, alikuwa anaumwa kichwa."

Nje, Justus alikohoa. "Afande, seti zilikuwa tatu. Ya Fauzia nimeikagua, ni kamili. Sasa tuanze na..."

"Jacinter," alisema Tsuma. "Twende Diani."

Miaka ishirini na miwili ya upelelezi, na mtu mzima yule hakuona kilichokuwa mbele ya pua yake! Justus alikiona, ila cheo chake hakikumruhusu kusema.

Walimkuta Jacinter kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya Diani, mikono imejaa povu.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa. Uliza supavaiza."

"Nani mwingine angefaidika Fauzia akikosa?"

"Unaniuliza mimi?"

"Jibu swali!"

"Ni juu mimi ni wa bara, si ndiyo?" Aliiachia shuka majini. "Nimekula kwako, afande. Nimekuita baba. Na ndiyo umekuja kwangu wa kwanza?"

Alijifuta mikono, akatoa seti yake kwenye mkoba. Justus alihesabu kurasa polepole, kisha akazihesabu tena. Zote zilikuwemo. Supavaiza naye alithibitisha kwamba binti hakutoka kazini jana kutwa.

Walirudi Msambweni, moja kwa moja nyumbani kwa Tsuma.

Kadzo alikuwa sebuleni anapiga pasi gauni la usaili. Barua yake ya mwito ilikuwa mezani.

"Shikamoo, baba. Wamempata aliyeiba?"

"Niletee karatasi zako za hesabu."

"Zile za Mombasa? Zimepotea, baba. Kitambo."

Tsuma aliichukua ile barua. Kwenye pembe palikuwa na doa la manjano, kubwa kama kidole gumba. Aliinusa. Ilinukia marashi. Nyumba yake ilikuwa ya watu wa kanisa, na humo hapakuwa na zafarani hata ya pilau.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kitandani. Kichwa..."

"Kadzo. Karatasi za Fauzia zilikuwa mbichi ulipozichukua. Ukazilaza juu ya yako. Ziko wapi?"

Pasi ilibaki juu ya gauni mpaka moshi ukaanza kutoka. Justus ndiye aliyeinyanyua.

"Kwenye koti lako la gwaride," alisema Kadzo. "Nilijua huko hakuna polisi atakayepekua."

Tsuma aliliendea koti lililoning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Mfuko wa ndani, upande wa moyo, ulikuwa na cheti na barua. Aliumia. Aliumia kuliko siku aliyopigwa risasi ya paja kule Kinango, maana ile alipigwa na mtu asiyemjua.

"Kwa nini?"

"Mwaka mzima, baba! Meza yetu, taa yetu, na sifa zote zake yeye. 'Mtazame Fauzia anavyoandika. Mtazame Fauzia.' Nilitaka siku moja tu unitazame mimi."

Tsuma alizitoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameyasema maneno hayo, na aliyasema kila jioni.

Kituoni alikataa kuandika maelezo ya mshukiwa. Alimpa Justus kalamu, akakaa kwenye benchi la raia, kofia magotini. Vielelezo vilipigwa picha, na Fauzia akaitwa kutia sahihi achukue karatasi zake. Alizikagua moja moja. Hapo ndipo alipomgeukia mwenzake.

"Ulisikia dua jana, ulipoingia?"

Kadzo alitikisa kichwa. "Niliingia na kutoka haraka."

"Ungengoja kidogo. Nilimwomba bibi asome majina mawili. La kwanza lilikuwa lako." Akaitia bahasha kwapani. "Na kombe nilikunywa nusu. Nusu yako bado iko jikoni, nimeifunika kwa sahani."

Akatoka. Kadzo aliinamia meza, akalia kwa sauti.

Justus alimtazama mkubwa wake, akingoja amri. Tsuma aliitikia kwa kichwa mara moja.

"Jina lako kamili?" Justus aliuliza.

"Kadzo," alisema msichana. "Kadzo binti Tsuma."